Watoto hawashukuru: jibu kwa dada wa Ngamiani, Tanga

Pole dada. Nimekuelewa: watoto wanasusa chakula, baba yao akirudi na machungwa ya Muheza wanayapokea kimya, na ukiwakaripia "semeni asante!" wanaitikia kwa kununa. Hiyo asante ya kulazimishwa iache kwanza, inawafundisha woga tu.

Anzeni nyinyi wakubwa. Mshukuru mumeo mbele yao, na utaje jambo lenyewe: "Ahsante baba, umetoka kazini umechoka na bado ukatupitia sokoni." Baada ya chakula cha usiku, kabla sahani hazijaondolewa, kila mmoja amshukuru aliyepo kwa jambo la siku hiyo. Asiyetaka apite, asisimangwe.

Yule mkubwa mpelekeni asubuhi soko la samaki la Deep Sea, aone samaki wanavyoshushwa na bei inavyovutaniwa. Mkirudi awapare mwenyewe, magamba yamrukie mpaka usoni. Mimi naamini hili kuliko mawaidha yote.

Ila msimjibu mtoto mwenye huzuni kwa "wenzako hawana hata hicho"; atajifunza kuficha tu. Na akikosa hamu ya kula na kucheza kwa wiki mbili hivi, huo si utovu wa shukrani. Mpelekeni kituo cha afya, au mwoneni ofisa ustawi wa jamii.