Mwandikie mkeo habari za mawe

Miaka yangu ya mwanzo kwenye kambi za utafiti wa madini Geita, ujumbe wangu wa jioni kwenda Tanga haukubadilika: "Nimeshinda salama. Watoto hawajambo?" Jibu nalo: "Hawajambo. Ada lini?" Siku moja mama watoto akaniuliza, "Hivi baba, huko unafanya nini hasa?" Tulikuwa na miaka 6 ya ndoa!

Aliyenizindua ni mzee aliyefariki 1875. Charles Lyell, mwanajiolojia wa Skoti, alimuoa Mary Horner mjini Bonn, Ujerumani, Julai 1832. Wakati wa uchumba yeye alikuwa Uingereza, binti yuko Bonn kwa wazazi, na barua zake zilijaa habari za kazi, ikiwemo mihadhara aliyoiandaa kwa King's College ya London. Wengine wataona hayo si mapenzi. Mimi naona ndiyo yenyewe. Mary alikuwa binti wa mtu wa jiolojia, na yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa konokono na magamba yao. Macho ya Lyell yalikuwa dhaifu, hivyo mkewe alimsomea na kumwandikia. Hata mwaka 1858, akiwa na miaka 60, Lyell alipokwea Etna, mlima wa volkano kisiwani Sicily, Italia, kuthibitisha kwamba lava (mawe yaliyoyeyuka) huweza kuganda hata kwenye mteremko mkali, alimwandikia mkewe kutoka Sicily.

Basi nami nikajaribu. Acha "kazi ngumu, jua kali", hayo anayajua. Chagua kitu kimoja ulichokiona siku hiyo. Mimi nilianza hivi: "Leo mashine ya kuchoronga imetoa jiwe jeupe lenye chembe za njano. Kijana mmoja karuka kwa furaha, kumbe pairaiti." Pairaiti ni madini ya njano yanayofanana na dhahabu.

Akajibu, "Mnaitofautishaje na dhahabu?" Nikamweleza kwamba dhahabu ni laini, ukiigonga inabonyea na kutandazika, ila pairaiti inavunjika na kisu hakiikwaruzi. Usiku ule ada haikutajwa. (Kesho yake ilitajwa.) Baada ya mwezi alikuwa ananiuliza maswali ambayo hata msimamizi wangu hakuwahi kuniuliza.

Ila kuna kosa nililifanya. Barua za Lyell zilichapwa 1881 katika juzuu 2, zikihaririwa na Katharine, mdogo wake Mary. Ukizisoma, Charles ndiye anayezungumza. Mary unamsikia kwa mbali tu. Kwangu ikawa vilevile. Mke wangu alizinakili jumbe zangu kwenye daftari, mimi zake sikuhifadhi hata moja, na simu zote mbili tulishabadilisha.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nanakili majibu yake kwenye kaunta buku. Lile swali la pairaiti nimeliandika kwa kukumbuka, ukurasa wa kwanza. Yeye anasema nimekosea maneno.