Nikisema Natoka Iringa, Usiniombe Dada wa Kazi

Hapa Mbeya mtu akiniuliza kwetu wapi nikamjibu Iringa, najua kinachofuata. Mwanamke mwenzangu atasema, "Jamani shoga, si unitafutie dada wa kazi!" Mwanaume atauliza kama ni kweli tunakula mbwa. Na wapo ambao wakishapata moja mbili hutaka kujua kwa nini Wahehe tunajinyonga. Yote husemwa kwa kicheko, na ukinuna wewe ndiye mbaya.

Nimeolewa Unyakyusani, nina duka la pembejeo Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu. Wateja wangu ni wa kila namna: Wasafwa wa viazi kutoka Isyonje, Wanyiha wa Mbozi, Wakinga wa Makete, mashemeji zangu wa Rungwe. Kila mmoja ana neno juu ya mwenzake akishatoka mlangoni. Haya ninayoandika nimeyaokota kwenye kaunta hiyo, na mengine nimeyasoma, maana watu wamelichunguza jambo hili miaka mingi huku sisi tukilipiga soga tu.

Wengi hudhani kubaguana kunahitaji sababu nzito: ardhi, vita vya mababu, uchawi. Hapana. Henri Tajfel, mwanasaikolojia Myahudi mzaliwa wa Poland aliyetekwa vitani akiwa katika jeshi la Ufaransa, na aliyerudi akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa na Wanazi, alitaka kujua ni kitu kidogo kiasi gani kinatosha kumfanya mtu ampendelee wa kwao. Mwaka 1970 alichapisha majaribio aliyoyafanya Bristol, Uingereza, kwa wavulana wa miaka 14 na 15 waliosoma shule moja na kufahamiana. Walionyeshwa vitone, wakakisia idadi yake, kisha wakaambiwa waliokisia zaidi ni kundi hili na waliokisia pungufu ni kundi lile. Kumbe waligawanywa ovyo tu. Baadaye kila mmoja aliingia peke yake kugawia wenzake fedha, akijua namba zao na kundi lao, si majina. Yeye mwenyewe hakujigawia hata senti. Bado walipendelea wa kundi lao. Lililonishangaza zaidi ni kwamba katika jaribio la pili, walipogawanywa kwa kisingizio cha picha walizozipenda, mara nyingi walikubali wa kwao apate pungufu ya ambacho angeweza kupata, mradi tu amzidi wa upande wa pili. Kwa vitone na picha!

Sasa sisi tuna lugha, ngoma, koo, na majina yanayotutangaza kabla hatujafungua mdomo. Ukiona jina linaanza na Mwa- umeshampeleka mtu Tukuyu; ukisikia Sanga umeshafika Makete. Kwa hiyo mtu akiniapia kwamba yeye hana ukabila hata chembe, huwa namwacha aape, halafu naangalia anavyogawa kazi.

Pale kaunta nimejifunza kusikiliza jinsi watu wanavyoeleza tendo lilelile. Msafwa akiomba apunguziwe bei ya mfuko wa mbolea, ni mteja mgumu. Mkinga akiomba hivyohivyo, "Wakinga ndivyo walivyo, wanapenda hela." Akifungua duka la pili, ana ndagu, yaani uchawi wa utajiri. Hakuna anayetaja kwamba alianza kama kijana wa kufagia duka la kaka yake Mwanjelwa, analala stoo, hadi siku alipopewa mtaji wa kuanzia. Baya la mtu wa kwetu tunalibebesha hali yake ya siku ile. Baya la mtu wa kwao tunalibebesha damu yake. Wataalamu wameliandika hili tangu miaka ya 1970, na ukilijua utalisikia kila kona, hata msibani.

Msibani hasa. Huu mzaha wa Wahehe kujinyonga ndio unaonikera kuliko ule wa mbwa, kwa sababu unaziba masikio. Kijana ameacha kula, hazungumzi, anagawa vitu vyake, na watu wanasema, "Ah, Mhehe huyo, ana hasira." Wangekuwa hawana hilo la kabila mdomoni wangeuliza ana deni la nani, nani kamwacha, wangekaa naye usiku na asubuhi wampeleke hospitali. Ukisikia mzaha huo mahali ambapo yupo mtu mwenye dalili hizo, ukatize. Hata kama watasema huna utani.

Na utani wenyewe usinielewe vibaya, naupenda. Wahehe na Wangoni walipigana vikali karne ya 19, leo ni watani. Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wetu akafanya vituko hadi mfiwa akacheka. Lakini utani una kwenda na kurudi: nikutanie, unitanie, na hakuna anayekosa kitu. Mwenye nyumba anapomwambia mpangaji "nyie Wanyakyusa wakorofi, chumba kimejaa," na chumba kiko wazi, hapo pameshavuka. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya 1977 inakataza kubagua, na imetaja wazi kabila na mahali mtu alipotokea. Kipimo changu ni hicho: mzaha ukiishia kwenye chumba, ajira, mkopo au ndoa, siuhesabu kuwa utani.

Nikitaja ndoa, lazima nitaje VVU. Hili ni gumu kwa sababu lina takwimu za kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima ya asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, juu sana kuliko mikoa mingi. Nimeona mama mmoja akimkataa mchumba wa mwanawe kwa hoja hiyo tu: "Binti wa Njombe? Hapana." Hebu isome tena hiyo namba. Karibu watu tisa katika kila kumi hawana maambukizi. Na huyo mwanawe ni wa wapi? Wa Mbeya, ambako tofauti ni pointi mbili tu. Takwimu ya mkoa inamsaidia mganga mkuu kujua apeleke wapi dawa. Haimwambii mtu chochote juu ya binti aliyekaa mbele yake sebuleni. Wachumba waende wote wawili wakapime. Na majibu yakiwa vyovyote, siku hizi kuna dawa na watu wanaishi na kuzaa.

Mimi nikiombwa dada wa kazi sifoki. Nauliza, "Utamlipa shilingi ngapi? Atalala wapi? Jumapili anapumzika?" Mara nyingi hapo hupoa. Kuna mama mmoja alinijibu, "Khaa, mbona maswali kama ya polisi, si dada tu?" Nikamwambia, "Wifi, huyo dada tu ni mtoto wa jirani yangu kule kwetu Ilula. Mama yake ataniuliza mimi." Tukazungumza vizuri tu baada ya hapo. Anayelaumiwa kuwa mbaguzi hujitetea, lakini anayeulizwa swali la bei na kitanda inabidi afikirie mtu.

Kwa wenye biashara ndogo kama yangu, ushauri wangu ni mmoja: usitegemee moyo wako mwema, panga utaratibu unaokubana. Marekani, wachunguzi Bertrand na Mullainathan walituma maombi ya kazi yanayofanana, mengine yakiwa na majina ya Kizungu na mengine majina ya Waamerika Weusi. Katika ripoti yao ya 2004, majina ya Kizungu yaliitwa kwa usaili karibu asilimia 50 zaidi, na sidhani wote waliochambua maombi yale walijiona wabaguzi. Dukani kwangu anayeomba kazi hupewa karatasi yenye namba, si jina: apige hesabu ya chenji, aandike risiti, asome lebo ya dawa ya ukungu anieleze kipimo. Maswali ni yaleyale kwa wote, yameandikwa kabla. Kwao wapi najua baadaye, wakati wa kuandikiana mkataba.

Wakishaingia, usidhani kukaa pamoja kutatosha. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif alilionyesha hili mwaka 1954 kwenye kambi ya wavulana Oklahoma: aliwagawa makundi mawili, akawashindanisha, wakachomeana bendera. Alipowakutanisha kula pamoja, walirushiana chakula. Walipoa pale tu maji ya kambi yalipokatika na lori la chakula likagoma kuwaka, mambo ambayo kundi moja lisingeweza peke yake. Basi mimi chai ya pamoja sihangaiki nayo sana. Wawili wasioivana nawapa stoo wahesabu pamoja, mmoja anasoma, mwingine anaandika, na hesabu isipotimia wanarudia wote.

Watoto ndio kazi. Kuna utafiti wa 2012 ambapo watoto walisomewa kitabu cha watu wa kubuni walioitwa Zarpies. Waliosikia "Zarpies wanaogopa wadudu" waliamini ni tabia ya kuzaliwa nayo kuliko waliosikia "huyu hapa anaogopa wadudu". Kwa hiyo mwanangu akirudi shuleni na "Wasafwa wagomvi," simchapi wala simhubirii. Namuuliza, "Nani? Kafanya nini?" Mara nyingi ni mtoto mmoja aliyemsukuma bombani, basi tunamzungumzia huyo, kwa jina lake. Mama mkwe wangu nimemwomba naye afanye hivyo akiwa na wajukuu. Kwa Wasafwa amekubali. Kwa Wakinga bado anabisha.