Karafuu, Mswaki na Kinywa: Maswali Yenu

Nilitia mafuta ya karafuu kwenye jino bovu. Maumivu yamekata, lakini fizi imekuwa nyeupe na inawaka moto. (Wete)

Umeibabua. Mafuta yale, kama yanayotolewa kwenye makonyo (vikonyo vya karafuu) pale kiwandani Wawi, Pemba, kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ile kitu inayotia ganzi na kuua vijidudu. Haichagui: ikikutana na nyama laini ya fizi, huiunguza vilevile. Sukutua kwa maji ya chumvi, fizi iache ipumzike. Siku nyengine changanya tone moja na kijiko cha mafuta ya nazi, uchovye pamba, uguse jino peke yake. Na mtoto mdogo asinywe hata kidogo, yanaweza kumuharibu ini. Ganzi haizibi tundu, kwa hiyo jino bado lina kazi na daktari.

Nikisukutua maji ya karafuu kila usiku, kuna haja ya kupiga mswaki? (Mkoani)

Ipo, tena kubwa. Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla hujanywa chai. Ule utelezi ni ukoga, na vijidudu vimejifunika humo kama waliolala chini ya shuka. Maji hupita juu tu. Hao wa chini wakipata sukari hutoa tindikali inayokula jino. Ukoga hutoka kwa kusuguliwa.

Maji yenyewe siyakatazi, mimi mwenyewe huyatumia. Karafuu tano au sita zenye vichwa vyake, kikombe kimoja cha maji yanayochemka, funika (harufu ikipaa na mvuke, dawa imepaa nayo), ngoja yapoe. Sukutua nusu dakika, tema. Kinywa kitanukia na fizi zitatulia kidogo. Yakilala, yamwage.

Mswaki wa mti na brashi ya dukani, kipi bora? (Makunduchi)

Anayejua kuutumia mti hapungukiwi sana, maana una utomvu unaopunguza vijidudu na nyuzi zinazosugua. Tatizo ni uvivu: wengi huyasugua ya mbele yanayoonekana wakicheka, magego ya nyuma wakayaacha. Kata ncha iliyochakaa, utafune mpya. Usiku tumia dawa ya meno yenye floraidi, mti hauna cha kutosha.

Maji ya mwarobaini kwa mtoto wa miaka mitatu? (Chwaka)

Hapana. Atayameza.

Bibi anasema tambuu inasafisha kinywa. Kweli? (Micheweni)

Jani lenyewe lina harufu nzuri, sibishani na bibi. Ubaya umo kwenye popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na jani, ambayo imethibitika kusababisha saratani ya kinywa, na tumbaku ikiongezwa ndiyo mbaya zaidi. Mwambie afungue kinywa, uangalie shavu lile anakoibania. Ukiona doa jeupe lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili, mpeleke hospitali, hata akikwambia ni chokaa ya tambuu tu.