Mtoto akisema "ni nzito", ameshaishika

Ilikuwa tarehe 26 Desemba 2019, Kibosho, nyumbani kwetu nilikozaliwa. Mnajua Desemba ya Moshi ilivyo: kila aliyekwenda kutafuta maisha Dar, Mwanza au Dodoma amerudi, magari yamebanana mpaka migombani, watoto hata hawahesabiki. Nilikuwa jikoni namenya ndizi za mtori. Kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka sita, akaja akaniegemea begani na kuninong'oneza: "Mama, mjomba ana bunduki ya kweli. Ni nzito."

Neno la mwisho ndilo lililoniangusha kisu. Mtoto aliyeiona tu atakwambia ni nyeusi, au inang'aa. Uzito hauonekani kwa macho.

Bastola ilikuwa ndani ya begi la nguo, chini ya kitanda, katika chumba ambacho watoto wanane walitandikiwa magodoro. Kaka yangu ana leseni, anatembea na fedha za biashara, na ni mtu mpole. Alipoitwa alishtuka kuliko mimi. Magazini, kile kikasha cha risasi, ilikuwa imejaa. Akajitetea kwamba kilinda usalama kilikuwa kimefungwa. Nikamwambia hata zipu ya begi ilikuwa imefungwa.

Hakuna aliyeumia. Lakini nami nilifanya kosa siku ile: nilimzaba mwanangu kibao. Kilitoka kwa hofu, si kwa hasira, ila shavu halijui kutofautisha. Mwaka uliofuata alikanyaga msumari akamwambia dada wa kazi, akamsihi asiniambie. Niligundua siku ya tatu, mguu umevimba kama andazi. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanitazama tu. Nikakumbuka Kibosho.

Mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini katika shule moja ya msingi hapa Moshi mjini. Januari 2020, shule zilipofunguliwa, nilikwenda kwa mkuu wangu wa shule nikamwomba vipindi vichache vya kuwafundisha watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili nini cha kufanya wakikuta silaha. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa si Marekani. Wazazi watasema unawafundisha watoto wao ujambazi."

Sikumlaumu. Kwetu bunduki hainunuliwi kama jembe. Kuna leseni, kuna polisi, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nikamwomba tuhesabu tu pamoja. Darasani kwangu kulikuwa na watoto 68. Baba zao wangapi ni walinzi wa benki na maduka ya jumla? Wangapi ni polisi, magereza, askari wa hifadhi? Nyumba ngapi huko juu mlimani bado zina gobori la babu limeegeshwa nyuma ya mlango wa stoo, eti la kutishia nyani? Halafu nikamtajia Desemba. Yeye mwenyewe ni mtu wa Rombo, Desemba ya kurudi nyumbani anaijua. Akanyamaza kidogo, akanipa vipindi vitatu.

Nilianza vibaya, na nawaeleza ili msirudie. Nilichukua maneno wanayofundishwa watoto wa Marekani. Huko, chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilianzisha mwaka 1988 mafunzo ya watoto wadogo yenye katuni ya tai aitwaye Eddie Eagle, na ujumbe wake ni hatua nne: simama, usiguse, kimbia, mwambie mtu mzima. Nikautungia wimbo wa kupiga makofi. Kwa siku mbili darasa liliimba mpaka wa Darasa la Nne wakaja dirishani kujifunza. Nilijiona nimemaliza kazi.

Siku ya tatu, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nilinunua pale soko la Memorial bunduki ya plastiki, ile nyeusi inayofanana kabisa na ya kweli, nikaifukia ndani ya kikapu cha visoda na vijiti vya kuhesabia. Nikawa natuma watoto watatu watatu waniletee visoda, mimi nimesimama nje ya dirisha. Kundi la kwanza, binti mmoja akasema kwa sauti, "Usiguse!" Akaisema huku ameshaiinua. Kundi la pili, mvulana akamlenga mwenzake usoni, mwenzake akaanguka kwa mbwembwe kama walivyozoea. Kundi la nne ndilo lililoniumiza: mtoto mmoja alikimbia mlangoni kuja kuniambia, wenzake wakamrudisha kwa kelele za "Mnoko! Mnoko!" Akarudi, akaketi, akatulia.

Baadaye nilikuja kujua kwamba wenzetu walishaliona hilo zamani. Mwaka 2001 madaktari wa watoto wa Atlanta walichapisha jaribio lao: wavulana wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili au watatu watatu, chumba chenye droo, na ndani ya droo bastola halisi iliyoharibiwa isiweze kufyatua. Makundi 29. Makundi 21 yaliikuta, 16 yaliishika, na katika makundi 10 kuna aliyevuta kifyatulio. Karibu wote walioishika walishawahi kufundishwa usalama wa silaha. Na karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika. Kwa hiyo ule msemo wetu wa "wangu ana akili, nimeshamkanya" uwekeni pembeni. Wangu naye nilikuwa nimeshamkanya.

Nikaufuta wimbo. Tatizo la "usiguse" ni kwamba si kitendo. Mtoto wa miaka sita mwambie afanye, usimwambie asifanye tu. Basi nikawapa kazi ya mikono: ukiona bunduki, mikono inakwenda nyuma ya mgongo na kushikana, kama mstarini mwalimu wa zamu akipita. Kisha unageuka, unaipa mgongo. Kisha unatembea mpaka kwa mtu mzima. Hatukuimba; tulifanya. Chini ya dawati, nyuma ya mlango, kwenye begi langu, chini ya kanga niliyotandika sakafuni kama kitanda. Nilitumia kipande cha boksi nilichokata umbo la bastola, kwa sababu ile ya plastiki ilikuwa inawapa hamu. Kila mtoto alifanya kwa zamu yake, na darasa la watoto 68 lilinila wiki mbili badala ya vipindi vitatu. Mkuu wa shule alijua, akajifanya hajui.

Sentensi ya kumwambia mtu mzima niliibadilisha mara mbili. Mwanzo ilikuwa "Nimeona bunduki, sijaigusa." Inapendeza, lakini fikiria aliyeigusa. Huyo sentensi haimfai, kwa hiyo atanyamaza, na yeye ndiye tunayemhitaji zaidi. Sasa wanasema: "Nimeona bunduki. Ipo mahali fulani. Twende." Basi. Mambo ya nani kashika nini yatajulikana silaha ikishaondolewa.

Na neno "mnoko" tulilifanyia kipindi kizima. Sikuwapa hotuba. Niliwauliza: nyumba ikianza kuungua, anayepiga kelele ni mnoko? Wakakataa kwa pamoja. Mmoja akauliza, na aliyesema mwenzake kaiba kalamu? Nikamwambia hilo tutalijadili wakati mwingine. Watoto hawa.

Jambo moja nililibishia kidogo. Polisi kata wetu, kijana mwema sana, alikubali kuja kuzungumza nao, akapendekeza aje na silaha "waione vizuri waiogope". Nilimwomba aiache kituoni. Mtoto akiiona bunduki mkononi mwa mtu mchangamfu anayempa peremende, haogopi; anaitamani. Alikuja mikono mitupu, akawaambia kwamba hata yeye akikuta bunduki isiyo yake barabarani haichezei. Hiyo iliwaingia kuliko maneno yangu yote.

Machi 2020 corona ikafunga shule. Tuliporudi mwishoni mwa Juni niliwajaribu tena kwa kikapu kilekile. Sitawadanganya kwamba wote walifaulu. Wengi walirudisha mikono nyuma bila kuambiwa; wachache waliishika. Hao wachache ndio wanaonifanya niseme kwamba somo la darasani ni kamba ya akiba tu. Wenye kazi ni watu wazima.

Hilo nililileta kwenye kikao cha wazazi, na aliyelifikisha si mimi. Baba mmoja alikuwa ametoka lindo la usiku, sare bado mwilini, anasinzia kwenye dawati la mwanawe. Nilipomaliza akasimama. Akasema, kazini kwao wanapokabidhiana silaha, anayetoa anaondoa risasi mbele ya mwenzake, na anayepokea anakagua chemba, pale ndani risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho yake hata kama amemwona mwenzake akikagua. Kwa nini? Kwa sababu magazini ikitoka, risasi moja inaweza kubaki chemba, na hiyo moja ndiyo inayoua mtu huku wote wakiapa bunduki ilikuwa tupu. Akaongeza jambo lililonyamazisha kikao. Mtoto mdogo kidole chake kimoja hakina nguvu ya kuvuta, kwa hiyo anaigeuza: mtutu unamtazama yeye, na anasukuma kwa vidole gumba viwili. Mama mmoja akafunika uso kwa kanga.

Basi hapo tukakubaliana mambo ya nyumbani. Silaha ikae bila risasi, ndani ya kabati au sanduku la chuma lenye kufuli, na risasi zifungiwe kwingine, si droo ya chini yake. Juu ya kabati la nguo si mahali. Mtoto anapanda kiti. Chini ya godoro si mahali. Begi, boneti ya gari, nyuma ya picha ya Bikira Maria, yote hayo watoto wanayajua kuliko wewe. Na mtoto akija kukwambia, neno la kwanza litakalotoka mdomoni mwako liwe "Asante kwa kuniambia." Hata kama damu imekuganda. Hata kama ameishika. Kibao nilichompiga wangu kilinigharimu mwaka mzima na msumari mmoja.

Tuliongeza pia vyuma vya kuokota, kwa sababu watoto wetu wanaokota chakavu kuuza kwa kilo. Novemba 2017 kule Ngara, Kagera, bomu la kutupa kwa mkono lilifika shuleni mkononi mwa mwanafunzi aliyelidhani chuma chakavu, likalipuka, na watoto wakafa. Kwa hiyo mikono nyuma ni kwa bunduki, kwa risasi, na kwa chuma chochote cha ajabu ambacho hukijui.

Kilichobaki kigumu kwangu ni kuuliza. Unampeleka mtoto kulala kwa watu, utaanzaje kuuliza kama wana silaha? Kwa ndugu zangu naweza. Kwa upande wa mume wangu, Machame, nilihangaika miaka miwili. Mwishowe nilijifunza kupitia mlango wa watoto. Namsalimia shemeji yangu mkubwa, tunaongea mvua na bei ya kahawa, kisha namwambia: "Baba mkubwa, hawa wanao wameshakuwa watundu, wanafungua kila kitu. Kama kuna dawa, sumu ya mifugo au silaha, naomba tufungie kabla hawajaanza." Nikiweka silaha katikati ya dawa na sumu hakuna anayejiona ameshukiwa. Mara ya kwanza aliinuka bila neno, akaingia chumbani, nikasikia kufuli. Mpaka leo sijui alifungia kipi kati ya vile vitatu, na sitamuuliza.

Kaka naye alikuja kwetu na jani la sale, lile ambalo sisi Wachagga tunaombea msamaha, nusu utani nusu kweli, kuomba radhi kwa mtori uliolala. Siku hizi akipanda Kibosho anakuja na sanduku dogo la chuma, analifungia kabatini kabla hajanywa hata maji. Desemba iliyopita nilimuuliza funguo anaweka wapi. Akaniambia kwa fahari kwamba amempa mama azitunze. Nikaenda kwa mama. Mama akanionyesha: ndani ya kopo la sukari, juu ya rafu.

Kopo ambalo kila mjukuu analijua. Tukazihamisha usiku uleule.