Bessie Coleman kwa mabinti wa Mwanza wanaoanza urubani

Wadogo zetu mnaotaka urubani, iwe mnatoka Ilemela, Igoma au ng'ambo ya Kigongo, msomeni Bessie Coleman, rubani wa Marekani wa miaka ya 1920, mkiwa na kalamu mkononi. Shule za urubani za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi. Alikuwa akitengeneza kucha mjini Chicago. Akajifunza kwanza Kifaransa, akatafuta fedha, na mwishoni mwa 1920 akavuka bahari. Alisomea Le Crotoy, Ufaransa, na leseni yake ya kimataifa ina tarehe 15 Juni 1921.

Fuateni mpangilio huo. Lugha yenu ni Kiingereza cha redioni, na kiwango cha chini kimataifa ni cha 4 kati ya 6. Kabla ya kulipa ada, pima afya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Inaumiza sana mzazi auze ng'ombe, halafu macho yakatae katikati ya kozi. Leseni binafsi hudai angalau saa 40 angani. Ya biashara saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa.

Kifo chake nacho ni somo, na hapa msipite haraka. Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, fundi wake William Wills ndiye aliyeshika usukani. Coleman hakufunga mkanda, maana alitaka kuchungulia nje aone pa kushukia kwa mwavuli. Ndege ikainamisha pua, ikapinduka, naye akaanguka. Wills alikufa ndege ilipogonga ardhi. Spana ilikutwa imekwama kwenye mitambo ya kuongozea.

Kwa hiyo hesabu vifaa kabla na baada ya fundi kugusa ndege. Kisha zungusha usukani na ukanyage pedali mpaka mwisho, kila upande, ukitazama vibao vya mabawa na mkia vinasogea upande unaotakiwa. Usukani ukigoma hata kidogo, zima injini. Usilazimishe.

Kwetu ziwani yapo ya kuongeza. Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 6,400: injini inapungua nguvu, na ndege inakula barabara ndefu ya kurukia kabla ya kunyanyuka. Mgeni huacha mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na petroli nyingi kama yuko Dar es Salaam, injini inakohoa. Punguza petroli kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza, na upige hesabu ya urefu wa barabara upya kila joto linapopanda.

Unyevu wa usiku hugeuka maji ndani ya tangi lililojaa nusu. Jaza jioni. Asubuhi, kabla hujaitikisa ndege, chota kidogo kutoka kila tundu la chini: maji hukaa chini ya petroli, yakiwa mapovu au tabaka safi. Rudia mpaka chupa ionyeshe rangi ya petroli tu. Maji yakizidi kutoka, usiruke; mwite fundi.

Chungulia pia bomba la kupimia mwendo. Vidudu vya ziwani huingia humo, na kipimo kitakudanganya ukiwa tayari mbioni. Ondoa kifuniko chake kabla ya safari, kirudishe ukishatua.