Bisfenoli A kwenye vyombo vyetu: maswali yenu

Safu iliyopita iligusia bisfenoli A, kemikali ya plastiki inayoitwa BPA kwa kifupi. Maswali yakaja mengi. Haya ni baadhi.

Nanunua maji ya nusu lita kituoni kila siku. Yakikaa juani yanatoa BPA?

BPA hapana. Chupa hizo ni za PET, plastiki isiyotengenezwa kwa BPA. Tazama kitakoni, utaona namba 1 ndani ya pembetatu. BPA imo kwenye polikaboneti, plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, na kwenye epoksi inayopakwa ndani ya makopo ya chakula ili yasishike kutu. Ya kukagua ni yale madumu makubwa yanayopinduliwa juu ya mashine ya maji ofisini: mengine ni PET, mengine polikaboneti. Juani usiyaweke hata hivyo.

Mama lishe wetu hufunika wali kwa mfuko wa nailoni. Je?

Mfuko huo ni polithini, nao hauna BPA. Ila haukutengenezwa kwa kupikia, na ule mweusi mara nyingi ni plastiki chakavu iliyoyeyushwa upya, ambayo hujui awali ilibeba nini. Mwambie anunue mfuniko.

Marekani wanasema BPA ni salama, Ulaya wamepiga marufuku. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, wanabishana kipi kihesabiwe kuwa madhara.

Tangu 1936 Edward Charles Dodds, akiwa London, alionyesha kuwa BPA inaiga homoni ya kike, estrojeni. Kiwanda kikaja kuitumia kwenye plastiki miaka ya 1950. Upimaji wa sumu wa kawaida hulisha panya dozi kubwa, hushuka hadi dozi isiyoonekana kudhuru, kisha huigawanya, mara nyingi kwa 100, ili kupata kikomo cha binadamu. Lakini homoni hufanya kazi kwa viwango vidogo mno, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1997 kundi la Frederick vom Saal, Missouri, liliripoti tezi dume kubwa kuliko kawaida kwa panya waliopata dozi ndogo tumboni mwa mama zao. Mwaka uliofuata, maabara ya Patricia Hunt iliona mayai ya panya yakiharibika ghafla; vizimba vya polikaboneti vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni isiyo yake, vikavuja BPA. Hakuna aliyepanga jaribio hilo, na kwangu ndilo linalosadikisha zaidi.

Mamlaka ya chakula ya Marekani, FDA, ilisoma matokeo ya CLARITY, utafiti mkubwa wa BPA kwa panya, mwaka 2018 ikasema matumizi yaliyoidhinishwa yabaki. Ya Ulaya, EFSA, mwaka 2023 ilishusha kikomo kutoka mikrogramu 4 kwa kilo ya mwili kwa siku hadi nanogramu 0.2 (mikrogramu moja ni nanogramu 1,000), yaani kidogo mara 20,000, ikiegemea ongezeko la seli fulani za kinga kwa panya. Taasisi ya Ujerumani, BfR, ikakataa na kuweka nanogramu 200. Naona BfR wana hoja: seli kuongezeka siyo ugonjwa. Lakini hata kikomo chao ni kidogo mara 20 kuliko kile cha zamani. Marufuku ya Umoja wa Ulaya kwa vitu vinavyogusa chakula ilianza Januari 2025, na viwanda vimepewa muda wa kujipanga.

Nina mimba ya miezi minne. Nitupe vyombo vyote?

Usitupe, dada. BPA haikai mwilini: ini huibadilisha na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Punguza vyakula vya kopo, na chai au uji wa moto usitie kwenye plastiki ngumu ya namba 7, kundi ambamo polikaboneti imo. Chupa za watoto za polikaboneti zilipigwa marufuku Ulaya mwaka 2011. Ukipewa ya zamani, usiipokee.

Chupa iliyoandikwa “BPA Free” ni salama?

Maandishi hayo yanakuambia kisichokuwemo tu. Viwanda vingine vimeweka bisfenoli S au F, ndugu zake BPA, ambazo maabara zimeonyesha nazo zinagusa homoni. Kwa maji ya moto nunua chuma cha pua au kioo.