Kamera ya mtumba na lenzi ya 50mm

Ndugu, kati ya Canon mpya yenye lenzi ya 18-55mm na Canon 700D ya mtumba, kwa picha za harusi chukua ya mtumba. Hela inayobaki nunua lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia). Ukumbini usiku taa ni hafifu, na ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inaishia f/5.6, f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Ila kwenye 700D hiyo 50mm inabana, yaani inaonyesha eneo dogo kama lenzi ya 80mm, kwa hiyo picha ya ukoo mzima itakubidi urudi nyuma sana.

Kabla hujalipa, weka f/16, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha. Vidoa vyeusi vinavyobaki palepale kila picha ni vumbi la sensa (kipande kinachonasa picha ndani ya kamera), linasafishika. Halafu mulika lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona utando kama nyuzi za buibui ndani, huo ni ukungu (kuvu), achana nayo kabisa, hasa ukiwa pwani.

Bwana harusi akivaa kanzu nyeupe, kamera hudanganyika na kufifisha uso wake. Ongeza mwanga kidogo kwenye mipangilio ya kamera, kisha utazame uso, usitazame kanzu.